Swali moja, majibu matatu: historia ya prosija zinazorudisha seti nyingi za matokeo

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu tunalitumia karibu kila siku bila kujiuliza lilitoka wapi. Unaita prosija moja kwenye hifadhidata, na badala ya kupata jedwali moja la majibu unapata mawili, matatu au hata kumi, yakifuatana kama mabehewa ya garimoshi.

Kwa wenzangu ambao hawashindi kwenye hifadhidata: prosija hapa ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya hifadhidata yenyewe, kimeandikwa mapema na kupewa jina. Programu yako haitumi sentensi ndefu za SQL kila mara. Inataja jina tu, na seva inafanya kazi yote. Seti ya matokeo ni mistari inayorudi kama jibu la swali moja. Tazama mfano huu, niliouandika kwa lahaja ya SQL Server ya Microsoft:

CREATE PROCEDURE taarifa_ya_mwanachama @namba INT AS
  SELECT jina, tawi FROM wanachama WHERE namba = @namba
  SELECT tarehe, kiasi FROM akiba WHERE namba = @namba
  SELECT tarehe, salio FROM mikopo WHERE namba = @namba

Ukiiita kwa namba ya mwanachama wa Sacco, unapata majedwali matatu: yeye ni nani, ameweka nini, anadaiwa nini. Angalia vizuri. Hakuna mahali tulipoandika "rudisha". Kila SELECT iliyosimama peke yake inamwaga majibu yake moja kwa moja kwa aliyeuliza. Lakini ukipeleka wazo hilohilo kwenye Oracle ya mwaka 2000, hata baada ya kubadilisha sarufi, itakataa katakata. Hifadhidata mbili kubwa, lugha moja ya SQL, tabia mbili tofauti. Kwa nini?

Jibu liko kwenye historia ya waya unaounganisha programu na seva. Na si historia ya kujifurahisha tu, kwa sababu asiyeijua anaweza siku moja kumwambia mteja kwamba pesa zake zimeingia wakati kazi haijakamilika. Tutafika huko.

Mwanzo: seti dhidi ya mstari mmoja mmoja

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yake maarufu kuhusu kupanga data kwa uhusiano wa majedwali. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba unauliza swali moja na kupata seti nzima kama jibu, bila kuielekeza tarakilishi ipite njia gani kutoka rekodi hii hadi ile. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa kuwa SQL.

Tatizo lilijitokeza mapema. Programu za wakati huo ziliandikwa kwa COBOL na PL/I, na lugha hizo zinashika rekodi moja kwa wakati. Huwezi kuikabidhi COBOL mistari elfu mbili kwa mpigo. Watu wa mradi wa System R pale IBM wakatumia kitu ambacho hapa nitakiita kielekezi: unafungua swali, unavuta mstari mmoja, unaufanyia kazi, unavuta mwingine, mpaka mistari iishe, kisha unafunga. Kila kielekezi kina jina na kinahusu swali moja tu. Ukitaka maswali matatu, fungua vielekezi vitatu.

Kwa mazingira yale utaratibu huo ulitosha. Programu na hifadhidata vilikaa ndani ya tarakilishi moja kubwa, na kuvuta mstari mmoja hakukuhitaji safari ya mtandao. Kumbuka jambo hilo, maana hapo ndipo njia zinapogawanyika.

Hifadhidata inahamia nyumba yake

Wakati IBM wakijenga System R, chuo kikuu cha Berkeley kilikuwa na mradi wake ulioitwa Ingres, ukiongozwa na Michael Stonebraker na Eugene Wong. Mmoja wa waliofanya kazi kwenye mradi huo ni Robert Epstein. Kutoka hapo Epstein alijiunga na kampuni ya Britton Lee, iliyotengeneza mashine maalumu ya hifadhidata: sanduku zima ambalo kazi yake ilikuwa moja tu, kutunza data na kujibu maswali ya tarakilishi nyingine zilizounganishwa nalo.

Sasa fikiria hali hiyo. Anayeuliza yuko mashine hii, anayejibu yuko mashine ile, katikati kuna waya. Kila swali ni safari ya kwenda na kurudi. Ukivuta mstari mmoja mmoja kwa kielekezi, unalipa nauli kwa kila mstari. Busara inakuambia utume maombi mengi kwa pamoja na uache majibu yatiririke.

Mwaka 1984 Epstein na Mark Hoffman, aliyetoka pia Britton Lee, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Sybase. Hifadhidata yao ilitoka mwaka 1987, ikiwa imejengwa tangu msingi kwa mtindo wa seva upande mmoja na programu ya mtumiaji upande mwingine. Mojawapo ya mambo waliyojivunia ni prosija zilizohifadhiwa ndani ya seva. Lugha yao waliiita Transact-SQL, na itifaki ya kuzungumza kwenye waya waliiita TDS, kifupi cha maneno yanayomaanisha mkondo wa data ya majedwali. Jina lenyewe linakueleza kila kitu: mkondo, kama maji ya mto.

Kilichomo ndani ya mkondo

Mkondo wa TDS ni mfululizo wa vipande, kila kipande kikianza na baiti moja inayokitambulisha. Kwanza huja maelezo ya safu: majina yake na aina za data. Kisha huja mistari, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukianza na baiti yenye thamani 209. Mwisho wa jibu huja kipande cha kusema "nimemaliza". Ndani ya kipande hicho kuna biti moja ndogo sana yenye uzito mkubwa: ikiwa imewashwa, maana yake ni "subiri, bado kuna mengine".

Hapo ndipo seti nyingi za matokeo zilipozaliwa. Hakuhitajika kitu cha ajabu kwenye lugha. Seva ikikutana na SELECT ya kwanza inatuma safu, mistari, halafu "nimemaliza hili, bado kuna mengine". Ikikutana na ya pili inafanya vivyo hivyo. Mwisho kabisa, baada ya majedwali yote, ndipo inatuma namba ya hali ya prosija na parameta zake za kurudishwa.

Upande wa programu, Sybase walitoa maktaba ya lugha ya C iliyoitwa DB-Library, na kila aliyeitumia alijifunza kuandika mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje uliita dbresults() mpaka upewe jibu la NO_MORE_RESULTS, yaani hakuna seti nyingine. Wa ndani uliita dbnextrow() mpaka upewe NO_MORE_ROWS, yaani mistari ya seti hii imeisha. Mzunguko ule wa nje ulikuwa sehemu ya mkataba. Ukiuruka, hujasikiliza jibu lote.

Faida ya safari moja

Msomaji wa Kenya haitaji kuelezwa sana kuhusu gharama ya safari za mtandao. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na nchi za nje yalitegemea setilaiti, na matawi mengi ya mbali humu nchini nayo yaliunganishwa kwa madishi ya VSAT. Tupige hesabu. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: jumla karibu kilomita 143,000. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata kama seva ingejibu papo hapo, ungesubiri karibu nusu sekunde.

Skrini ya karani inayotuma maswali kumi, moja baada ya jingine, inamfanya mwanachama asimame dirishani kwa karibu sekunde tano za kungoja mawimbi tu. Prosija moja inayorudisha seti kumi inaleta yote kwa safari moja. Kwa hiyo wanaosema kwamba seti nyingi za matokeo ni uvivu wa kupanga mambo hawajawahi kukaa nyuma ya dishi mvua ikinyesha.

Wazo linasambaa

Microsoft waliingia ubia na Sybase, na SQL Server ya kwanza ikatoka mwaka 1989 kwa mfumo wa OS/2, jina la Ashton-Tate nalo likiwa juu ya kasha. Mwaka 1994 Microsoft na Sybase waliachana, kila mmoja akaenda na nakala yake, lakini wote wakabaki na Transact-SQL na TDS. Ndiyo maana prosija yetu ya Sacco pale juu inaeleweka pande zote mbili.

Baada ya hapo kila kiunganishi kikubwa kililazimika kuwa na mlango wa kuuliza "kuna jingine?". ODBC, iliyotoka 1992, ina SQLMoreResults. ADO ya mwaka 1996 ina NextRecordset. JDBC, iliyoingia ndani ya Java 1.1 mwaka 1997, ina getMoreResults. ADO.NET ya mwaka 2002 ina NextResult, na ukijaza DataSet nzima kwa mpigo inakupa majedwali yenye majina Table, Table1, Table2. Majina hayo yanaonyesha udhaifu wa mtindo huu: seti hazina majina, zina nafasi tu. Mtu akiongeza SELECT katikati ya prosija, mikopo inageuka kuwa akiba kwenye skrini ya programu ambayo hakuna aliyeigusa.

Oracle wanasema hapana

Oracle walichelewa kuwa na prosija zilizohifadhiwa. Zilikuja na Oracle7 mwaka 1992. Lugha yao, PL/SQL, ilichukua sura ya Ada, lugha yenye nidhamu kali iliyotengenezwa kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Katika Ada kila kinachoingia na kutoka kinatangazwa mlangoni, pamoja na aina yake. Hakuna kumwaga vitu dirishani. Kwa hiyo SELECT iliyosimama peke yake ndani ya PL/SQL ni kosa: lazima useme matokeo yanaingia kwenye kigeu gani.

Ukitaka kurudisha majedwali matatu, unatangaza parameta tatu za aina ya REF CURSOR. Hivi ni vielekezi vya zamani vya System R, sasa vikiwa na uwezo wa kukabidhiwa mtu mwingine. Prosija inavifungua na kumpa aliyeuliza, naye anavuta mistari mwenyewe. Kazi ya kuandika inaongezeka, lakini kila seti ina jina, na mtu akisoma kichwa cha prosija anajua atapata nini.

DB2 ya IBM ilishika njia ya katikati, ambayo ndiyo iliyoingia kwenye SQL sanifu ya mwaka 1999. Unatangaza kielekezi kwa maneno WITH RETURN, unakifungua, kisha unaondoka bila kukifunga. Kichwani mwa prosija unasema idadi ya juu ya seti zitakazorudi. PostgreSQL nayo ilitumia fanksheni zinazorudisha vielekezi, na hata ilipoleta amri ya CREATE PROCEDURE katika toleo la 11 mwaka 2018, haikuleta tabia ile ya kumwaga.

MySQL na maumivu ya watu wa PHP

Wengi wetu hapa nyumbani tulijifunza kazi kwa PHP na MySQL. MySQL ilipata prosija katika toleo la 5.0, lililokamilika Oktoba 2005, na ilichagua njia ya Sybase: SELECT yoyote inamwaga. Itifaki yake ilikuwa tayari imeandaliwa katika toleo la 4.1, kwa alama inayosema kuna matokeo zaidi.

Lakini kuna jambo moja lililowatoa watu jasho. Ukiita prosija ya MySQL yenye SELECT moja tu, hupati jibu moja. Unapata mawili: seti yako, halafu kijibu kitupu cha hali, cha kusema wito umekwisha. Ukichukua la kwanza na kutuma swali jipya kwenye muunganisho huohuo, unakaribishwa na hitilafu namba 2014, Commands out of sync, yaani maagizo yamepishana. Wengi walilaumu seva. Seva haina kosa. Bado ilikuwa na neno la kusema na wewe umeshageuka kuongea mengine. Dawa ilikuwa ni kuhamia mysqli na next_result, au PDO na nextRowset, na kusoma mpaka mwisho.

Pesa zinapopotelea kwenye seti ya pili

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo kuangalia programu waliyoandikiwa na fundi aliyekwisha kuondoka. Malalamiko yalikuwa haya: mwanachama analipa mkopo, karani anaona "malipo yamepokelewa", risiti inatoka, lakini mara chache chache deni halipungui. Karani analaumiwa. Mmoja alikuwa amekaribia kufukuzwa kazi kwa kudhaniwa anachezea vitabu.

Nilifungua prosija. Ilianza kwa kuandika malipo kwenye jedwali la risiti, ikamwaga SELECT yenye namba ya risiti, kisha ikaendelea kupunguza deni kwenye jedwali la mikopo. Amri ya mwisho ilipogongana na kazi nyingine na kushindwa, seva ilituma hitilafu, kama inavyopaswa. Lakini hitilafu ile ilisafiri ndani ya mkondo, nyuma ya seti ya kwanza. Programu ilisoma namba ya risiti, ikafurahi, ikafunga. Haikuwahi kuita NextRecordset. Na kwa kuwa kazi haikufungwa ndani ya muamala mmoja, risiti ilibaki na deni likabaki.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Seti ya kwanza ni lele tu. Katika mtindo wa Sybase, hali ya prosija, parameta za kurudishwa na hitilafu za amri za baadaye huja nyuma yake, na ADO au JDBC haitakurushia hitilafu hiyo mpaka uifikie kwa kusonga mbele. Yule karani hakuwa mwizi. Taarifa ya kumtetea ilikuwa ikifika kila siku kwenye tarakilishi yake, na hakuna aliyeisoma.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukishika prosija za namna hii:

1. Soma mpaka uambiwe hakuna zaidi, hata kama unahitaji seti ya kwanza tu.
2. Kwenye SQL Server anza prosija na SET NOCOUNT ON, la sivyo hesabu ya mistari iliyoguswa na INSERT itajitokeza kwa baadhi ya viunganishi kama tokeo la kwanza.
3. Fanya kazi yote ndani ya muamala, washa XACT_ABORT, ukamilishe kwa COMMIT, kisha ndipo umwage jibu la ushindi.
4. Ukiongeza seti mpya, iweke mwisho. Nafasi ndiyo jina.

Oracle wanakubali

Mwaka 2013 Oracle walitoa toleo la 12c, na ndani yake kulikuwa na DBMS_SQL.RETURN_RESULT. Kazi yake? Kuiwezesha prosija kutuma seti za matokeo kwa aliyeuliza bila kuzitangaza mlangoni, ili kuwarahisishia watu waliokuwa wakihamisha programu zao kutoka hifadhidata kama SQL Server na Sybase. Zaidi ya miaka 20 baada ya Oracle7, nyumba ya nidhamu ilifungua dirisha. Sybase yenyewe ilikuwa imeshanunuliwa na SAP mwaka 2010, lakini tabia yake ilikuwa imeingia mpaka kwa mpinzani.

Na mambo hayajaisha. Facebook walipoitoa GraphQL hadharani mwaka 2015, wazo lilikuwa lilelile: ombi moja, majibu mengi, safari moja, ila safari hii kila jibu lina jina. Hata hivyo, jibu lake linaweza kuja na data upande mmoja na orodha ya hitilafu upande mwingine, huku HTTP ikisema 200, yaani mambo ni shwari. Anayeangalia data peke yake yuko palepale alipokuwa yule fundi wa Sacco.

Basi leo ukirudi kazini, fungua msimbo wako na utafute kila mahali unapoita prosija. Angalia kama kuna mzunguko wa nje. Pale usipokuwepo, kuna jibu ambalo seva imekuwa ikikutumia na hujawahi kulisikiliza. Tukutane tena wakati mwingine.